Alikuja Nacho, au Amekipatia Hapa?

Hospitali nzima ilimwita Bibi Kikohozi, na aliyedhani mwenyewe halijui jina hilo alikuwa anajidanganya. Alilijua tangu siku lilipozaliwa, akalikubali jinsi mtu anavyokubali koti la kurithi: halikumkaa sawasawa, lakini lilikuwa lake. Kazi yake ilikuwa kufuatilia nimonia na magonjwa mengine ya kifua yanayowapata wagonjwa wakiwa wameshalazwa. Mtu anaingia hospitali na mguu uliovunjika, mapafu mazima kabisa, halafu anashikwa na homa ya mapafu palepale kwenye kitanda alichokuja kuponea. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa akimtafuta.

Alimtafuta kwa masikio kwanza. Kila asubuhi alipita wodi baada ya wodi, mwanamke mfupi aliyejaa, miwani ikining'inia shingoni, viatu vya raba visivyotoa sauti, na aliposikia mtu anakohoa alisimama kama aliyeitwa kwa jina. Kisha alimgeukia nesi aliyekuwa karibu na kumuuliza swali lake lilelile: "Alikuja nacho, au amekipatia hapa?"

Mgonjwa aliyefika akikohoa, au aliyeanza kukohoa kabla hajamaliza siku mbili wodini, alikuwa ametoka nacho nyumbani. Huyo Bibi Kikohozi alimpa pole na kuendelea na safari. Lakini aliyeingia kifua kikavu na kuanza homa na makohozi baada ya hapo, huyo alikuwa wa hospitali. Aliangalia joto lake, akaangalia picha ya kifua, akayafuata makohozi mpaka maabara, akamwandika, halafu akaanza maswali yake yenye kukera. Nani alimhudumia? Maji ya chupa ya oksijeni yalibadilishwa lini? Nani aliosha mikono, na nani alijitia kuosha?

Hakuanza na kazi hiyo. Alikuwa nesi wa wodi ya wazazi kwa miaka mingi, akipokea watoto na kuwakemea baba zao. Wakubwa walipotafuta mtu wa kufuatilia maambukizi, kila mmoja alitazama viatu vyake, maana nani anataka kuwa mtu wa kuwaambia wenzake kwamba nyumba yao inanuka? Yeye alinyoosha mkono. Wakampa ofisi iliyokuwa stoo ya mashuka, isiyo na dirisha, na meza yenye mguu mmoja mfupi. Madaktari wakaanza utani kwamba ukisalimiana naye tu, unakwenda kunawa. Aliucheka utani huo, lakini hakumsamehe hata mmoja ambaye hakwenda kunawa kweli.

Mtu mmoja tu duniani hakuwa akimwogopa, naye alikuwa mumewe, fundi seremala aliyestaafu bila kustaafu, mtani wa kutupwa. Mke akirudi amevimba kwa hasira za wodini, mzee alimvutia kigoda na kumwambia, "Kaa, mama watoto. Leo umemkamata nani?" Basi angekaa, angesimulia, na chai ikifika mwisho hasira nayo imekwisha.

Kigoda hicho ndicho kilicholeta balaa. Mzee alikipanda abadilishe taa ya sebuleni, akateleza, akaanguka ubavu, na nyonga ikavunjika. Alipofikishwa hospitali akiwa amekunja uso kwa maumivu, daktari wa mifupa alimuuliza ilikuwaje.

"Andika vizuri, daktari," alisema mzee. "Kosa si la kigoda. Kigoda nilikitengeneza mwenyewe, kiko imara. Ni mimi niliyekosa adabu, kikaniangusha."

Watu walicheka. Mkewe hakucheka. Alikuwa amesimama pembeni na hofu, kwa sababu alijua mzee analazwa wapi. Analazwa wodi ya mifupa ya wanaume, na hakukuwa na wodi iliyokuwa ikimnyima usingizi kama hiyo. Kwa miezi kadhaa majina ya wodi hiyo yalikuwa yakiongezeka kwenye orodha yake. Watu wazima walioingia na miguu mibovu na vifua vizuri walikuwa wakishikwa na nimonia, mmoja baada ya mwingine, na wawili kati yao, wazee wa rika la mumewe, hawakurudi nyumbani. Alikuwa ametafuta sababu kila mahali: mikono, chupa za oksijeni, mipira ya kunyonyea makohozi, hewa ya madirishani. Kila kitu kilikuwa safi.

Tena safi kupita kiasi, maana mkuu wa wodi ile alikuwa shoga yake tangu chuo cha uuguzi, mwanamke mrefu mkimya ambaye wote walimwita Sista Pasi. Mashuka ya wodi yake yalinyooka utadhani yamepigwa pasi mgonjwa akiwa ndani. Vitanda vilipangwa kwa mstari mmoja, mito kwa mstari mmoja, hata wagonjwa walikuwa kwa mstari. Bibi Kikohozi alikuwa akimtania, "Shoga, siku moja utawapiga pasi na hawa." Siku hiyo alipomkabidhi mumewe hakuwa na utani. Alimshika mkono tu na kusema, "Nakuachia mzee wangu." Sista Pasi akamjibu, "Ni wangu pia."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku za mwanzo mzee alikuwa mchangamfu, akishindana kwa utani na jirani yake wa kitanda, dereva wa lori ambaye mguu wake ulikuwa umening'inizwa kwa kamba na mizigo ya kuuvuta mfupa unyooke. Bibi Kikohozi alipita kila asubuhi kikazi, akasimama kidogo, akasikiliza kifua cha mumewe kwa siri na kuondoka na roho mkononi. Chakula cha mchana na jioni kililetwa na wifi yake, dada wa mzee, mwanamke wa maneno mengi na sufuria kubwa. Saa za kutazama wagonjwa Bibi Kikohozi hakuwa akizipenda. Kelele, mabegi, watoto wa watu wakikimbia. Kwa miaka yote alikuwa akijifungia ofisini saa hizo na kupanga kazi zake.

Asubuhi moja, siku mbili zile za hesabu zikiwa zimeshapita, alisikia kikohozi kabla hajafika mlangoni. Kizito, cha chini, chenye maji ndani. Aliingia akiomba kiwe cha dereva wa lori. Kilikuwa cha mumewe. Paji la uso lilikuwa la moto, na pumzi zilikuwa fupi.

Nesi kijana aliyekuwa zamu alimwona, akainamia karatasi zake, kwa sababu swali lilijulikana na jibu pia lilijulikana. Mzee mwenyewe ndiye aliyeuliza, sauti ikikwaruza: "Vipi, mama watoto? Nilikuja nacho, au nimekipatia hapa?"

Alijikaza akatoka nje, akaingia stoo yake ya mashuka, akafunga mlango, akalia. Hakulia kwa staha. Alilia kama mtoto aliyenyang'anywa, kwa hofu na kwa aibu pamoja. Hofu, kwa kuwa alizijua hesabu za wazee wenye nyonga na nimonia. Aibu, kwa kuwa wifi yake, alipompigia simu kumpa habari, alilisema jambo lenyewe bila kupepesa maneno: "Si wewe ndiye unayeifukuza nimonia humo ndani? Sasa mbona imemkamata kaka yangu chini ya pua yako?"

Picha ya kifua ilionyesha wingu upande wa kulia, chini. Daktari wa mifupa alianzisha dawa siku hiyohiyo, kisha akamwita pembeni.

"Mama, nakuomba jambo. Huyu si wa kumfuatilia wewe. Nesi mwenzako wa wodi ya watoto atakushikia hiyo kazi. Wewe njoo saa ya kutazama wagonjwa, lete supu, kaa kwenye kiti kama wake wengine."

"Nitakaa vipi na mimi naijua hii wodi?"

"Ndiyo maana. Unaijua kupita kiasi. Kaa."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi alikubali amri bila kubishana. Siku ya pili yake alivua koti jeupe, akajifunga kitenge, akasimama nje kwenye foleni na wenzake, chupa ya supu mkononi, mpaka mlinzi alipofungua mlango. Mlinzi alimtazama mara mbili. "Shikamoo mama. Leo na wewe ni mgeni?" Akamwitikia marahaba na kupita.

Wodi ilijaa mara moja. Kila kitanda kilipata mke wake, dada yake, mwanawe, na kila mmoja alifungua chombo chake. Hapo ndipo hospitali ilipokula hasa, maana chakula cha jikoni mle kilikuwa hakina rafiki. Bibi Kikohozi alivuta kiti, akafungua supu, akampitishia mzee mkono chini ya shingo, akainua kichwa kidogo, akamtilia kijiko cha kwanza. Mzee alimeza. Cha pili kikamkwama. Alikohoa, macho yakamtoka, supu ikamwagika kwenye shuka la Sista Pasi.

"Pole pole, baba watoto. Pole."

"Nipe tu," alisema mzee akihema. "Dada yangu amenizoesha. Kijiko kimoja tumboni, kijiko kimoja njia ya panya."

Kijiko kilikuwa kimemponyoka. Aliinama kukiokota, kikawa kimeteleza mpaka miguuni pa kitanda, basi akapiga magoti na kukifuata. Na akiwa hapo chini, uso karibu na vyuma, aliona tundu. Ni tundu la pembe nne, mahali pa kuchomeka hendeli, ule mkono wa chuma unaozungushwa ili upande wa kichwani unyanyuke. Tundu lilikuwa tupu. Alitazama kitanda cha dereva. Tupu. Akainua macho, akautazama mstari wote, vitanda vile vilivyonyooka kama meza, na juu ya kila kitanda mtu amelala chali, kidevu juu, na juu ya kila mdomo kijiko cha mtu anayempenda. Huku na huku mtu alikuwa anapaliwa, na ndugu anampigapiga kifua akisema pole.

Alibaki amepiga magoti. Chakula kilikuwa kikiingia mapafuni. Kidogokidogo, kila siku, kwa upendo wote, na hakuna karatasi yake hata moja iliyowahi kuuliza mgonjwa amelala vipi anapokula. Yeye mwenyewe, Bibi Kikohozi, anayewafundisha wenzake usafi kwenye semina, alikuwa ametoka kumlisha mumewe chali kama mtu asiyejua koo linakwenda wapi. Waliosema mganga hajigangi hawakukosea.

Alipoinuka hakukimbia. Alifunika supu, akamwambia mumewe, "Usile kitu mpaka nirudi, hata akija dada yako na sufuria," akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha mkuu wa wodi.

"Shoga, hendeli ziko wapi?"

Sista Pasi alikuwa anakunja taulo. "Hendeli zipi?"

"Za vitanda."

"Kabatini. Nimezifungia." Akaona uso wa mwenzake, akaweka taulo chini. "Unamkumbuka yule mgonjwa wa kamba na mizigo, mtoto wa mgeni alizungusha hendeli yake akidhani ni mchezo? Yule baba alipiga kelele wodi nzima ikasimama. Na kabla ya hapo mama mmoja alijigonga muundi akashonwa. Nikasema basi. Nikazitoa zote."

"Lini?"

Sista Pasi alifungua mdomo ataje mwezi, kisha akaufunga. Alikuwa na akili nyingi, hakuhitaji kumaliziwa. Alikaa kwenye kiti taratibu, mikono mapajani.

"Wale wazee wawili," alisema.

Bibi Kikohozi alikuwa na maneno tayari. Ulimi wake haukuwahi kuwa na breki, na njiani kutoka kitandani mpaka pale alikuwa ameshayapanga, makali yote. Lakini alimtazama mwanamke yule aliyewafungia watu chuma ili wasiumie, akakumbuka kijiko chake mwenyewe, na maneno yale yakamwishia mdomoni.

"Ulizitoa kwa wema," alisema. "Mimi nimepita hapa kila asubuhi nikikagua sabuni, na sikuona. Tuko wawili. Inuka, shoga. Ufunguo uko wapi?"

Daktari wa mifupa aliitwa, akasikiliza, akajipiga kofi kwenye paji la uso. Alipita kitanda kwa kitanda akisema nani anyanyuliwe sana na nani kidogo. Nyuma yake walifuata wale shoga wawili na hendeli, mmoja anazungusha, mwingine anashikilia mito. Vyuma vililia kwa kukosa mafuta. Wagonjwa walipanda mmoja mmoja, wakibaki wameduwaa, maana wengine walikuwa wameitazama dari tangu walipoletwa.

"Kumbe kuna dirisha!" alisema mmoja.

Dereva wa lori alimgeukia seremala, akamkagua. "Na wewe kumbe ndio mwenye sura hii? Sauti yako ilinidanganya."

Wodi ilicheka mpaka nje. Mzee alicheka, akakohoa, akacheka tena. Mkewe alimpa supu akiwa amekaa wima, kidevu chini, kijiko kidogo, na kila kijiko kilikwenda kulikokusudiwa. Lakini homa ilikuwa bado iko pale, na wingu la kwenye picha halikuondoka kwa sababu kitanda kimenyanyuliwa. Hilo alilijua vizuri kuliko mtu yeyote mle ndani.

Siku zilizofuata zilimkata maini. Alikuja kila saa ya wageni, akakaa kwenye kiti. Hakugusa faili wala kusikiliza kifua. Alisali. Usiku mmoja alimwahidi Mungu kwamba akimrudishia yule mzee hatamkemea tena mtu, na asubuhi yake akaona ahadi ni kubwa mno, akaipunguza. Mtu wa mazoezi ya viungo alimfundisha mzee kuvuta pumzi ndefu na kuyatoa makohozi. Wifi alifika na sufuria yake, akaelezwa kisa chote. Aliiweka sufuria chini bila kuifungua, jambo ambalo ndugu zake hawakuwahi kulishuhudia.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema mwishowe, machozi yakimlengalenga. "Mimi ndiye niliyemlisha."

"Tulimlisha wote, wifi. Njoo nikuonyeshe anavyokaa."

Ndipo asubuhi moja akashindwa kungoja saa ya wageni, akasimama nje ya wodi, akatega sikio kama kawaida yake, asisikie kitu. Kimya cha mtu mgonjwa kina tafsiri mbili, na ile mbaya ndiyo iliyomjia kwanza. Akausukuma mlango. Mzee alikuwa amekaa wima kitandani, amenyolewa ndevu, anagombana na nesi kijana juu ya chai.

"Hii ni maji ya kuoshea kikombe," alikuwa anasema. "Mama watoto, waambie."

Nesi alimwonyesha kipimajoto. Homa ilikuwa imeshuka. Daktari alipoleta picha mpya na kuiinua kwenye mwanga, lile wingu lilikuwa limebaki ukungu tu, na akasema litakwisha lenyewe. Bibi Kikohozi alishusha pumzi ambayo aliona ameibeba tangu siku ya kigoda. Akamkumbatia daktari, akamkumbatia nesi, akamkumbatia dereva wa lori mpaka mizigo yake ikayumba. Kisha akamgeukia mumewe, akamfuta chai mdomoni.

Hata hivyo, mumewe alimwandika. Lisilobudi hutendwa. Mwenzake wa wodi ya watoto alisita kuliweka jina hilo kwenye orodha, basi aliliweka mwenyewe, kwa mkono wake, miongoni mwa waliokipatia hapa, na kwenye karatasi za kazi yake akaongeza swali ambalo halikuwepo. Sista Pasi naye alitundika kila hendeli kwenye ndoano, juu, mbali na watoto na miundi ya watu, akabandika ukutani mstari wa rangi kuonyesha kitanda kinyanyuliwe mpaka wapi wakati wa kula. Mistari hiyo ilinyooka wodi nzima, kama mtu angeweza kutegemea. Na miezi ilivyokwenda, Bibi Kikohozi akawa anasimama kwenye mlango wa wodi ile, anasikiliza, na mara nyingi anapita.

Mzee alirudi nyumbani kwa magongo mawili, na baadaye kwa fimbo aliyoichonga mwenyewe. Alilazimishwa kula amekaa wima mpaka akalalamika kwamba ameoa sajini. Siku moja wifi alikuja kumtazama, amejaa mafua, pua nyekundu, akamkumbatia kaka yake kwa nguvu zote na kumpigia chafya begani.

Haikupita wiki, Bibi Kikohozi alikuwa jikoni anakata vitunguu, akasikia kikohozi kutoka sebuleni. Kisu kilimponyoka. Alifika akiwa na kipimajoto mkono mmoja na kitunguu mkono wa pili, akamwinamisha mzee, akaweka sikio mgongoni kwake, akasikiliza kulia, kushoto, chini. Pumzi ziliingia na kutoka, safi. Homa hakuna. Ni koo tu, na pua inayochuruzika, mafua ya dada mtu, ya kawaida kabisa.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakatoka, ya kitunguu na ya kwake, akatafuta pa kukaa, akakikuta kile kigoda, akakikalia.

"Sasa," alisema mzee akijipangusa pua, "hiki nacho utakiandika?"

"Hiki cha nyumbani," alisema mkewe. "Hakiandikwi."